Pesa ya Dawa Ng'ambo ya Ruvuma

Mwanangu, kuna siku moja sijaisahau mpaka leo. Ilikuwa miaka ya tisini, wewe hujazaliwa. Baba yako alikwenda Msumbiji kuuza samaki wakavu, akaugulia Palma. Habari zikanifikia Msimbati: kalazwa, dawa za kununua, njoo na pesa. Nikauza mbuzi wote, pesa nikazifunga kwenye pindo la khanga, nikavuka Ruvuma.

Wasiwasi sikuwa nao. Ng'ambo wanasema Kimakonde kama sisi, nikajiona niko kwetu. Kumbe mgeni ni kuku mweupe. Tuliposhuka mtumbwini nilifungua pindo palepale mbele za watu, nikabadilisha shilingi zote kuwa metikali kwa mbadilisha fedha, huku naeleza mume wangu anavyoumwa. Ujinga mtupu.

Njiani nikageuka. Vijana wawili waliokuwa kwa mbadilisha fedha wako nyuma yangu. Nikikaza mwendo, wanakaza. Nikisimama, wanasimama. Pori lile halina hata nyumba moja. Nilimwona baba yako anakufa kwa sababu ya mdomo wangu.

Bibi mmoja tuliyevuka naye, kajitwika kapu la makopa ya muhogo, akanishika mkono. "Twende kichakani tujisaidie," akasema kwa sauti, ili wasikie. Huko akaninong'oneza kwa ukali, "Pesa ya mgonjwa unaianika kama mpunga? Lete hapa."

Nikampa. Hofu ikawa mbili sasa, maana naye simjui. Nyingi akazifukia chini ya makopa, chache akanirudishia nifunge pindoni.

Tulipotoka walikuwa wanatungoja, mmoja ana panga. Nilifungua pindo. Wakachukua, wakaenda zao. Tulipofika mlango wa hospitali bibi akatua kapu, akanipa pesa zote alizozificha.

Basi sikia, wewe unayefunga safari. Pesa ya shughuli iliyokupeleka usiichanganye na ya kula na nauli. Badilisha kidogo kidogo, tena ndani, na shilingi za kurudia bakiza. Bei uliza kabla hujakaa kula. Na shida zako usimsimulie kila mtu, hata akisema lugha ya mama yako. Tahadhari kabla ya hatari.

Nenda. Mungu akufiche na jicho baya, na ukikwama akupe mtu kama bibi yule, kwani bila yeye wewe usingezaliwa.