Saa Kumi na Sita za Taimur

Tarehe 21 Oktoba 2024, saa nne kamili asubuhi kwa saa za Guangzhou, ndege iliyompakia Taimur iliruka. Ilitua Dar es Salaam siku hiyohiyo, saa kumi kasoro dakika nane alasiri, baada ya kukaa angani saa kumi na dakika hamsini na mbili na kukata kilomita zipatazo elfu nane na mia saba. Kwa hesabu za Taimur mwenyewe, alikuwa bado hajafika nusu ya safari.

Hesabu hizo alizipiga kabla ya kuondoka. Kwenda, tiketi ilisema aondoke saa nane mchana na kufika saa kumi na mbili asubuhi: saa kumi na sita. Basi na kurudi ni kumi na sita, atue saa nane usiku. Onesphory, wakala aliyemkatia tiketi, alijitahidi.

"Mzee, China wametutangulia saa tano. Kule jua linawahi."

"Jua limekata tiketi? Kwenda saa kumi na sita, kurudi saa sita! Kwani kurudi ni mteremko? Wamekosea kuchapa."

Barazani Msimbazi aliapa kwamba atakayemwona mjini kabla ya saa nane usiku amwite punguani.

Mkewe, Zulekha, aliitegemea hesabu hiyo. Taimur alikuwa amemwambia kwamba akirudi akayakuta mapazia ya kahawia yaliyododa miaka mitatu, fremu yao ya duka ataikabidhi kwa mdogo wake Ramadhan auze makava ya simu. Mapazia aliyachagua Taimur. Kudoda ndiko kulikuwa kosa la Zulekha. Mnunuzi alikuwa amepatikana, Clotilda, mwenye gesti Upanga, naye angefika saa kumi na moja jioni.

Saa kumi na robo simu ikaita. Onesphory alikuwa uwanja wa ndege kumpokea mteja mwingine.

"Mama, mzee ametua."

Zulekha alitupia jicho saa ya ukutani. Taimur akimkuta Clotilda dukani, atamfundisha rangi hadi mteja aondoke mikono mitupu.

"Yuko njiani?"

"Amekaa juu ya begi. Nimempa lifti, kakataa. Anasema ndege yake bado haijafika."

"Haijafika, na unaongea naye?"

"Kaniomba nisiseme nimemwona."

Zulekha alikata simu, akaanza kukunjua mapazia.

"Mbona rangi ya matope?" aliuliza Clotilda alipofika.

"Wageni wako hufutia wapi mikono, dada?"

Clotilda alicheka mpaka akashika meza. Akachukua yote, madirisha ishirini na sita.

Taimur aliingia nyumbani saa tisa kasoro robo usiku, akilalamikia urefu wa safari. Zulekha alimpa pole. Asubuhi, dukani, mume aliitazama rafu tupu, akauliza iwapo chai iko tayari.

Oktoba 2025, leseni ya biashara ya duka hilo ilihuishwa kwa jina la Zulekha.