Kisanduku Kinachostahimili Salamu

Saa tatu asubuhi. Juu ya meza ya chumba cha redio mjini Garissa vimepangwa visanduku sita vya chuma, viwili viwili, na Mwiti M'Ikiara anasoma kibandiko cha kila kimoja kwa kioo cha kukuzia maandishi. Bisibisi bado iko mfukoni.

Nyuma yake redio inakoroma. Muuguzi Wanji anaita kutoka zahanati ya Kotile, kusini, ambako maji ya mto Tana yameizunguka nyumba ya mwisho ya kijiji. Anasema Ramlo Yarrow, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, ana uchungu tangu jana, na mtoto amelala mkingamo. Bila upasuaji, mama hatavuka siku.

"Daktari wa hospitali aambiwe aandae damu," anasema Jawahir Nunow, mwendesha redio.

"Mwambie Wanji asubiri," anajibu Mwiti. Anachomoa waya kutoka redio moja na kuuchomeka kwenye nyingine. Kotile inanyamaza. Sasa hospitali inasikika, lakini Wanji hasikiki tena.

Hilo ndilo tatizo la siku hii ya Desemba 1997. Dhoruba za mvua za El Niño ziliangusha milingoti miwili kati ya mitatu ya shirika la misaada linalomwajiri Mwiti. Antena zote tatu zilifungwa upya kwenye mlingoti uliobaki, juu ya tangi la maji. Waya mzima wa kupandia huko ni mmoja tu.

Redio ni tatu. Ya HF inafika Kotile na mbali zaidi, hadi Bute. Ya VHF inaongea na ndege. Ya UHF inaongea na hospitali, upande wa pili wa mji. Helikopta itapita juu ya Kotile saa nane mchana, mara moja tu, ikirudi Garissa, kisha inatakiwa Mandera. Rubani hapajui mahali pakavu pa kutua. Maji yanahama kila saa, na wanaopajua wako kwenye HF.

Ili redio zote tatu zitumie waya mmoja kwa wakati mmoja, panahitajika triplexa, yaani kisanduku kinachochuja mawimbi na kuyapeleka kila moja kwenye mlango wake. Kimoja hukaa chini, mezani. Kingine hukaa juu ya mlingoti, ambako kinayagawa tena mawimbi kwa antena tatu.

Nairobi wameleta aina tatu kwa ndege. Barabara imekatika. Mwiti anatakiwa achague moja.

Jozi ya kwanza anaiondoa mezani bila kuipima. "Mlango wake wa VHF unaanzia megahezi mia moja arobaini," anasema. "Ndege zinaongea chini ya hapo. Hii ni ya teksi za mjini."

Mwiti ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Nkubu, Meru, akasomea ufundi wa umeme, na mwaka 1989 akaja Garissa kutengeneza redio za malori ya mifugo. Alipanga kukaa mwaka mmoja. Analipwa shilingi elfu tisa na mia nne kwa mwezi. Mke na watoto wako Meru, na tangu barabara ikatike amewasikia mara mbili, kwa simu ya posta.

Jozi mbili zinabaki. Moja ni nyepesi, ya bati laini linalong'aa. Nyingine ni nzito, ina mapezi ya chuma ya kutolea joto, na imekwaruzika kama sufuria ya hotelini.

Msimamizi wa shughuli, Justus Kilonzo, anaingia na karatasi kutoka Nairobi mkononi.

"Mwiti, wameshasema. Ile nyepesi. Inapoteza nguvu kidogo kuliko zote."

"Ni kweli."

"Na imeandikwa wati mia. Redio yetu ni wati mia. Sasa unatafuta nini tena?"

"Ile iliyoungua wiki jana ilikuwa ndugu yake."

Justus anaiweka karatasi mezani.

Kisanduku kilichoungua alikichagua Mwiti mwenyewe. Kwa vipimo kilikuwa bora: hakikupoteza nguvu, na redio moja haikuingilia nyingine. Kilidumu siku chache. Kisha mfanyabiashara wa ngamia, mzee Abdiwahab, alikuja kuongea na kaka yake aliye Bute.

Wasomali wa hapa hawaanzi na shida. Wanaanza na warran, kuulizana habari. Anayeulizwa huzitoa zote kwa mpangilio: afya, watu, mvua, malisho, wanyama, njia, amani. Baada ya hapo ndipo linapokuja neno lililomleta. Kwenye redio, anayezitoa hushikilia kitufe cha kurushia mpaka amalize.

Abdiwahab alikuwa hajaongea na kaka yake tangu mvua zianze. Alikuwa bado kwenye habari za malisho aliponusa.

"Fundi," alisema, "sanduku yako inatoa harufu."

HF ikanyamaza. Cha juu ya mlingoti, kilichokuwa juani, kilikuwa kimeungua kabla ya cha mezani.

"Zile wati mia ni za mtu wa kusema 'nimekupata, kwisha'," anasema Mwiti. "Nilisoma kibandiko. Sikuwafikiria wanaoongea."

Justus anapendekeza njia nyepesi: salamu zipigwe marufuku leo.

Jawahir anageuka kwenye kiti. Ana miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Tarbaj. "Bwana Justus, huyo Yarrow, baba ya Ramlo, ndiye anajua pahali kavu. Muuguzi ni mgeni kama wewe. Nikimkata mzee kwa warran, atajua kuna habari nimeficha. Na habari inayofichwa kwetu ni moja."

"Ipi?"

"Kifo. Ataweka chini hiyo redio aende kwa mtoto wake. Halafu utauliza nani?"

Justus anatazama saa ya ukutani.

Mwiti anaomba nusu saa. Anapanda ngazi na kukiweka kisanduku chepesi juu ya paa la mabati, kwenye jua lilelile litakalokipiga mlingotini. Anakiunganisha na debe la mafuta lenye kizuizi ndani, ambalo humeza mawimbi ili yasitoke nje. Kwa sasa Kotile haisikiki.

"Jawahir," anaita kutoka juu. "Nisalimie Bute."

"Bute haiko hapo, Fundi. Hapo kuna debe."

"Lisalimie debe."

"Nimewahi kusalimia watu wasiojibu," anasema Jawahir. "Debe ni mara ya kwanza." Anashika kitufe na kutoa warran nzima, bila kuruka hata mbuzi.

Alipofika kwenye habari za njia, kiganja cha Mwiti hakikuvumilia tena juu ya bati. Mezani, mshale unaoonyesha nguvu inayorudi badala ya kurushwa ulikuwa umepanda. Justus aliuona mwenyewe.

Kile kizito kinafuata. Jawahir anarudia yote na kuongeza harusi ya binamu. Kisanduku kinapata joto, kisha joto linasimama. Mshale hausogei.

"Lakini hiki kinakula nguvu kwenye UHF," anasema Justus. "Karibu nusu."

"UHF ni ya hospitali. Ukisimama mlangoni unaiona," anasema Mwiti. "Nusu inatosha. Kwa Kotile hakuna nguvu ya kupoteza."

Anaacha kizito kimoja mezani, anavaa mkanda na kupanda tangi kufunga cha pili mlingotini. Kabla ya kushuka anafanya kipimo cha mwisho: karani wa uwanja wa ndege anahesabu kwa redio ya mkononi ya ndege, huku Jawahir akirusha kwenye HF. Kwenye VHF kuna mchakacho mdogo. Namba zote zinasikika.

Kotile inapatikana tena. Wanji anasema mapigo ya mtoto yamepungua.

Saa nane kasoro, rubani anaita. Anaona maji tu, na vichwa vya miti. Ana mafuta ya kuzunguka kidogo, basi.

Jawahir anamwita Yarrow. Sauti inayokuja ni ya mzee, na haina haraka. Ameletwa kwenye redio kutoka mlangoni kwa binti yake.

"Warran, adeer," anasema. Adeer ni amu; mzee humrudishia kijana neno lilelile analoitwa.

Jawahir anashika kitufe. Anampa habari. Afya. Watu wa Garissa. Mvua. Maji yamefika wapi. Justus amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Mwiti yuko tena juu ya mlingoti. Kiganja chake kiko juu ya chuma. Katikati ya habari za mifugo sauti ya rubani inaingia kwenye VHF, wazi: anauliza kama kuna mtu hapo. Justus anachukua kipaza sauti cha pili na kumwambia aendelee kuzunguka.

Jawahir anamaliza na amani. Anaachia kitufe.

"Niambie sasa unataka nini," anasema Yarrow.

"Adeer, ndege iko juu yako. Inatafuta pahali kavu."

"Zizi la zamani la ngamia," anasema Yarrow papo hapo. "Upande wa jua linapochomoza. Samadi ya miaka mingi imeinua ardhi. Maji hayajawahi kupanda hapo. Nitawasha majani mabichi."

Justus anamweleza rubani. Rubani anasema anaona moshi. Kisha anasema anashuka. Kisha VHF inanyamaza, kwa kuwa helikopta iko chini ya upeo wa antena.

Mwiti hashuki mlingotini.

Rubani anasikika tena akiwa hewani. Abiria wawili, anasema, muuguzi na mgonjwa. Jawahir anaihamisha habari kwa UHF, na daktari anajibu kwamba chumba cha upasuaji kiko tayari. Sauti yake ni hafifu. Kila neno linaeleweka.

Jioni hospitali inaita. Daktari anathibitisha: Ramlo amepasuliwa na amezinduka. Mtoto ni wa kike, analia.

Jawahir anaita Kotile. Yarrow yuko pale pale; hakuondoka.

"Warran, adeer," anasema.

Jawahir anashika kitufe na kuanza mwanzo: afya, watu, mvua, malisho. Hamkatizi, wala haruki. Juu ya tangi Mwiti ameweka kiganja juu ya kisanduku. Ni vuguvugu.

Anapomaliza na amani, Jawahir anampa habari ya mwisho. Kitufe cha upande wa Kotile kinabonyezwa.

"Nimesikia," anasema Yarrow. "Rudia."