Shimo la Mrefu

Twahiru wa mtaa wa Biryogo alikuwa na cherehani moja, mke mmoja na mdomo usiojua kupumzika. Mteja akileta suruali ipunguzwe, alikaa kwenye benchi la barazani, na Twahiru alishona huku akisimulia. Nusu ya watu wa benchi hawakuwa na nguo ya kushonwa. Walimfuata Mrefu.

Mrefu alikuwa mtu wa kubuni, mwembamba, mpenda maziwa, anayepinda shingo kila akipita mlangoni. Kabila lake Twahiru hakulitaja, na hakuhitaji. Kila mtu alijua ni Mtutsi, na kila mtu alicheka, hata Kagabo, aliyekaa kando ya cherehani akikunja mapindo ya suruali kwa sindano ya mkono. Kagabo alikuwa Mtutsi, tena mrefu. Alicheka ameinamisha uso. Walifanya kazi pamoja miaka tisa, na fundi wetu, pamoja na maneno yake yote, hakujiuliza hata siku moja kwa nini mwenzake anainama.

Vita vya waasi wa Kitutsi vilipoanza mpakani, Oktoba 1990, benchi lilijaa watu wenye hofu. Twahiru akaona huu ndio wakati wa kukoleza hadithi. Akampa Mrefu shimo chini ya kitanda.

"Ndani iko nini?" wakauliza.

"Kesho," akajibu, maana ndivyo alivyowashika. Nzeyimana, kiongozi wa mtaa, alicheka mpaka akajipiga paja.

Siku tatu baadaye Nzeyimana na wanaume wawili waliingia kwa Kagabo na jembe. Hawakupekua sanduku wala dari. Walimlaza Kagabo kifudifudi sakafuni, wakasogeza kitanda moja kwa moja, wakachimba. Twahiru alisikia kelele akaja, akasimama mlangoni. Shimo lilitoa udongo mtupu, lakini Kagabo walimpeleka gerezani hivyo hivyo. Twahiru hakusema neno. Alirudi barazani, na kwa miezi sita alishona kimya, akiwaambia wateja kwamba koo linamsumbua.

Kagabo aliachiwa Aprili. Alikuja amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, akavuta kigoda chake akaketi kama mtu aliyetoka kunywa chai. Benchi lilikuwa limejaa. Nzeyimana naye alikuwepo, ameleta suruali ya pili ya kaki.

"Twahiru," Kagabo akasema, "ile hadithi ya Mrefu iliishia wapi?"

"Nimesahau, ndugu yangu."

"Mimi sijasahau. Uliachia kwa shimo."

Watu wakachangamka. Ndiyo, shimo! Iko nini ndani? Aibu ikampanda Twahiru mpaka masikioni. Jibu alikuwa nalo tayari: mitungi ya maziwa. Wangecheka, na mambo yangeishia hapo. Akafungua kinywa aseme, kisha akamwona Kagabo. Alikuwa ameshainamisha uso, anajiandaa kucheka.

Twahiru akasimamisha cherehani.

"Shimo halikuwepo," alisema. "Walikuja kulitafuta. Mrefu alilazwa chini, nyuso hakuziona, aliona miguu tu. Suruali ya kwanza ilikuwa ya kaki, pindo lake limeshonwa kwa uzi wa bluu, kwa sababu wa kaki ulikuwa umekwisha. Akaijua. Aliikunja mwenyewe."

Nzeyimana akarudisha miguu chini ya benchi. Jirani yake akafanya hivyo hivyo.

"Ya pili, mwenye suruali aliomba pindo refu, ili mtoto wake akikua airithi. Ya tatu aliishona bure, maana mwenye suruali alikuwa na msiba."

Mzee mmoja akauliza taratibu, "Na yeye, huyo Mrefu, aliwaza nini?" Kwa miaka tisa walikuwa wameuliza Mrefu amefanya nini, amekula nini, ameficha nini. Hilo lilikuwa swali jipya.

"Alitafuta alichowakosea," Twahiru akasema. "Akakumbuka uzi wa bluu tu."

Kagabo alikuwa ameinua uso. "Suruali zilikuwa nne," alisema kwa sauti ndogo. "Tatu ziko ndani, moja iko kwa mlango."

Mpaka hapo Twahiru hakujua kwamba alionwa. Angetamani ardhi ipasuke immeze. Aliangalia mikono yake, akaangalia benchi zima, na wote walikuwa wanamngoja.

"Ya nne ilikuwa ya fundi," akasema. "Ni yeye aliyewapa shimo. Alisimama pale akijua, na hakusema kitu."

Nzeyimana aliondoka bila kuaga, akaiacha suruali yake kwenye rundo. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Kagabo akaivuta ile ya kaki, akaigeuza pindo juu ya goti, akachukua sindano.

"Leo uzi ya kaki iko?" akauliza.

Twahiru akainamisha uso kwenye kopo la nyuzi, akatafuta muda mrefu, machozi yakimzuia kuona rangi.