Shafti Iliyopigiwa Kura Murangi

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo kumbukumbu yake haijapata kuchakaa. Naiandika kwa ajili yako wewe unayeamini jambo kwa sababu tu wengi wamelisema.

Enzi hizo za Ujamaa nilikuwa mganga wa zahanati ya Murangi. Tulikuwa na gari moja dogo, kuukuu, la aina ile inayovutwa na magurudumu ya mbele. Shafti yake ya kushoto, inayopeleka nguvu ya injini gurudumuni, ikalika viungo. Wilaya ikatutumia habari: gari lisipofika Musoma kesho yake likitembea lenyewe, litahamishiwa kwingine. Wajawazito wetu wangerudia kubebwa kwa vitanda hadi hospitali.

Zikapatikana shafti mbili: mpya iliyong'aa, kutoka duka moja la Bunda, na nyingine iliyofunguliwa kwenye gari bovu kule Kiabakari. Kijiji chetu kiliamua kila jambo kwa kikao, basi hata hili likapelekwa kikaoni. Chacha, dereva wetu, akasimama.

"Bunda wanasemaga hii mpya inaingia gari dogo lolote. Hiyo nyingine ni nguo ya marehemu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti, Mzee Magesa, akaitisha kura. Mikono yote ikaenda kwa ile mpya, isipokuwa wangu.

"Mzee, nakuheshimu kama baba," nilisema, "lakini chuma hakikupiga kura. Naomba tupime."

Nikazilaza zote mbili kando ya ile iliyolika. Meno ya ncha zake yalilingana. Urefu wa ile mpya ulizidi kwa unene wa kidole.

"Daktari, kidole tu," alisema Chacha. "Kwani unashona suruali?"

Fundi Athumani, tuliyemwita kutoka Musoma mjini, akaifunga ile mpya kwa amri ya kikao. Ikaingia. Vigelegele vikapigwa. Nilingoja vitulie, kisha nikaomba gari lishushwe kutoka juu ya mawe tuliyoliinulia, maana gurudumu linaloning'inia huacha nafasi ambayo gurudumu lililobeba mzigo halina. Likashushwa, usukani ukakatwa hadi mwisho, vijana wakasukuma. Likakwama, chuma kikisaga chuma.

"Haya, Mwenyekiti," akasema Athumani, "kikao kinaamuaje?"

Mzee Magesa akainama akaitazama ile shafti. "Kikao kimefungwa. Msikilizeni daktari."

Ile ya Kiabakari nilikuwa nimekwisha kuikagua: urefu sawa na wa ile iliyolika, viungo visivyolegea, mipira ya kuzuia vumbi mizima. Ikafungwa, gari likashushwa, usukani ukakatwa kulia na kushoto, na hakuna kilicholia. Kesho yake tulipita Nyegina Chacha akipiga honi kama anayepeleka bibi harusi, na mbele ya ofisi ya wilaya alilizungusha gari mara mbili bila kuombwa. Likabaki letu. Kina mama wa Murangi walitupokea kwa nyimbo, nami sikuona sababu ya kuinamisha kichwa.

Basi, mwanangu, unapochagua kitu kitakachobeba uhai wa watu, kilaze kando ya kile kinachokiachia nafasi, ukipime, kisha ukijaribu kikiwa chini ya mzigo wake. Upya peke yake si sifa, wala kutumika si kasoro. Wakubwa waheshimu, ushahidi wa mkono wako usiukane kwa ajili yao. Mungu akujalie macho yasiyochoka kuchunguza, akupe ujasiri wa kuinua mkono ulio peke yake, na kila uliyembeba akafike salama.