Nta ya Dada Kwenye Gego Langu

Sisi tuliokunywa maji ya visima vya Singida tangu utotoni tuna meno ya rangi ya chai, na tumejiaminisha kwamba meno ya rangi hiyo hayaozi. Nami niliamini hivyo, pamoja na shahada zangu mbili, hadi magego ya kushoto yalipong'olewa yote. Kulia likabaki moja, nalo limezibwa. Nililitunza kwa elimu yangu mwenyewe: kila fizi yake ilipotoka damu, niliacha kuipiga mswaki ili ipumzike.

Ilipumzika karibu mwaka mzima. Ikavimba.

Nikiwa katika hali hiyo nilikwenda Itigi kumsalimia dada yangu mkubwa, anayeuza asali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona unaongea kama umeficha karanga shavuni?"

Akanifunua mdomo palepale mlangoni. Akaona kitundu pembeni mwa dawa niliyozibiwa, akakata kipande cha nta, akakilainisha kwa vidole na kukibandika.

"Nyuki wanaziba mizinga yao hivi hivi," alisema, "na hawajasoma chuo."

Hoja ilinishinda. Siku nne nilijiona mzima. Siku ya tano shavu lilijaa hadi miwani ikakaa upande.

Daktari wa meno pale Singida mjini alikuwa binti mdogo. Alinipa shikamoo nikaipokea kwa uchungu, maana bado najihesabu kijana. Akaingiza kindoano chake, akatoa kitu cha njano, akakinusa.

"Baba, hii nini?"

"Nta."

"Ya mshumaa?"

"Ya nyuki. Ya Itigi," nilisema, kana kwamba hilo lingenipunguzia kosa.

Hakucheka, ila barakoa ilitikisika. Akanishikisha kioo. Dawa ya zamani ilikuwa imejitokeza kama ukingo wa bati juu ya fizi. Chakula kilinasa chini yake, jino likaoza upya pembeni, na fizi ikavimba kwa uchafu uliokaa hapo. Nta ilikuja kufunga mlango uchafu ukiwa ndani.

"Litang'olewa?" niliuliza alipomaliza kulichokonoa. Nilishaona maisha yangu yote yaliyobaki yakiwa ya uji.

"Bado. Nimetoa uozo, nimeweka dawa ya muda na kulainisha ukingo. Ya kudumu haitashika vizuri fizi ikivuja damu. Wiki mbili upige mswaki hapo hapo panapotoka damu, taratibu. Fizi ikitulia, tunaziba. Ukipaacha tena, jino litaoza hadi kwenye mzizi, na hapo tutang'oa."

"Hapo hapo panapotoka damu?"

"Hapo hapo, baba. Panatoka damu kwa sababu hupasafishi."

Nilipiga mswaki kama mwanafunzi anayesubiri kukaguliwa. Mwanzoni povu lilikuwa jekundu, baadaye la waridi, na siku moja likawa jeupe. Nikamwita mke wangu aje alione. Hakuja. Nilipozibwa, daktari alipitisha uzi kati ya meno ukateleza bila kukwama.

Nikarudi Itigi. Dada akanipa hindi la kuchoma, akaketi mbele yangu kunisimamia. Nikalitafuna kwa kulia hadi gunzi.

"Kwa hiyo nta yangu ilikuwa mbaya," alisema.

"Kwa mzinga ni nzuri."

Akasogeza kigoda, akavuta mdomo wake kwa kidole.

"Hebu niangalie na hapa. Na usinihubirie."

Nikachungulia. Kulikuwa na nta sehemu mbili.