Bando, king'amuzi na dumu la asali

Nimeacha kulipia king'amuzi na leo nimekoma.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kuangalia mpira. Nikamwambia siku hizi ni bando tu, nafungua kwenye simu, picha inakwenda kwenye TV. Rahisi.

Mpira umenoga, mke wangu akanitumia meseji toka jikoni. Ikatokea kwenye TV, herufi kubwa kama tangazo:

"Baba Neema, ile asali ya Inyonga ifiche, kaka akiiona haondoki bila dumu."

Shemeji akaisoma kwa sauti, taratibu. Kisha akaniuliza, "Iko chumba gani?"

Ameondoka sasa hivi na bodaboda, dumu kalipakata kama mtoto.

Nyie mnaosema bando ni nafuu kuliko king'amuzi, asali mmeipigia hesabu?