Gari la Mbele na Gari la Nyuma

Maximilla wa Rungwe Mpya alikuwa na wivu, na hakuuficha. Na wewe ungekuwa nao. Kila siku ya gulio alisimama barabarani na mtoto mdogo mgongoni, akimtazama mumewe, Nduwayezu, akipanda gari la mbele na Nestori, mtoto wao mkubwa. Yeye alisubiri la nyuma. Ndivyo mume alivyotaka: familia isipande gari moja. Kanisani vilevile, baba na Nestori karibu na mlango, mama na mdogo upande wa pili. Hata msibani waligawanyika hivyohivyo.

"Kwani mimi nanuka?" alimuuliza siku moja.

"Hunuki, Mama Nestori. Ni bora hivi tu."

Bora kwa nani? Sokoni Kasulu alimwona Nasma, muuza vitenge, akishuka kwenye pikipiki ya mumewe, mikono bado iko kiunoni mwa mume. Roho ilimuuma mpaka akakosea kupima maharage. Nasma mwenyewe hana hili wala lile.

Lakini aliyemchoma zaidi alikuwa marehemu. Ukutani kwao palikuwa na picha ya Nduwayezu ujanani, kabla hajakimbia Burundi, amebanana kwenye benchi na mke wake wa kwanza na watoto wao wawili. Vita viliwachukua, zaidi ya hapo hakuwahi kusema neno. Maximilla aliifuta picha ile vumbi kwa hasira, akimsema yule mwanamke kimoyomoyo: wewe alikaa na wewe.

Basi binti wa dada yake Nduwayezu akawa anaolewa Kibondo. Maximilla akaja juu.

"Safari hii gari moja, kiti kimoja. Ukikataa, naenda kwetu Kumsenga na sirudi."

Nduwayezu akakubali. Siku ya safari Maximilla alivaa kitenge kipya, akajibana ubavuni mwa mumewe kama vile bibi harusi ni yeye. Alitamani Nasma amwone. Hakujali kwamba macho ya mume hayakubanduka mlangoni.

Walikuwa wameiacha Kasulu nyuma tairi lilipopasuka. Paa! Nduwayezu akawaangusha mke na watoto sakafuni, akawalalia.

"Mana yanje, si bose! Si bose!" Mungu wangu, si wote.

"Mzee, ni tairi hilo!" abiria mmoja alisema akicheka. Kicheko kilikatika, maana mzee hakuinuka.

Alisimulia baadaye, wamekaa kando ya barabara, dereva akibadilisha tairi. Siku ile kwao Burundi walipanda basi wote, mke, watoto na mama yake mzazi. Yeye alishuka kununua ndizi. Mtu akatupa guruneti kupitia dirishani.

"Nilibaki na ndizi mkononi," alisema. "Nikaapa, nikipata tena watu wangu, bomu moja lisiwamalize wote."

Gari lilipokuwa tayari, Maximilla alimsukuma Nestori kwa baba yake.

"Tangulieni. Sisi tutapanda linalofuata."

Harusini mpiga picha akawaita ndugu wajipange. Nduwayezu alimsogelea mkewe, amejikaza kwa ajili yake. Maximilla akambeba mdogo, akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari.

Picha hiyo sasa iko ukutani, pembeni ya ile ya zamani: mume na Nestori huku, yeye na mdogo kule, katikati wamejaa watu wa Kibondo asiowajua hata majina. Huifuta taratibu. Akifika kwenye ile ya benchi mkono wake huwa mzito uleule wa siku zote, kwa sababu wivu haujamtoka. Yule mwenzake alikaa naye.